Natuma "poa", inafika "poaahaba"

mgeni_wa_C
Wakuu, shikamooni. Nina wiki ya tatu na C. Nimeandika programu mbili za kuchati kwa soketi, seva na klaienti, zote kwenye laptopu hii hii: 127.0.0.1, poti 8080. Klaienti inasoma neno kwa scanf, inapima urefu kwa strlen, inatuma kwa send. Seva inapokea kwa recv kwenye bafa (nafasi ya kumbukumbu) ya herufi 1024 niliyoitangaza nje ya main, kisha printf na %s.

Nikituma "shikamoo", inafika salama. "Marahaba", salama. Nikituma "poa" inafika "poaahaba". Jana nimezima na kuwasha Wi-Fi mara nne. Mtandao unachanganya herufi?

chapchap
Weka memset kabla ya kila recv, bafa ijae sifuri. Mimi hufanya hivyo na maisha yanaenda.

mama_baiti
Memset itauficha ugonjwa tu. Na Wi-Fi umeionea bure, dogo, 127.0.0.1 haitoki nje ya mashine yako.

Hesabu mwenyewe. "Poa" ni baiti 3. strlen haihesabu sifuri ya mwisho, ile '\0' inayofunga neno katika C, kwa hiyo hukuituma. recv ikaziandika juu ya "mar", na "ahaba" ikabaki pale pale. printf haijui umepokea ngapi, inasoma tu mpaka ikutane na sifuri. "Shikamoo" ilitoka safi kwa vile bafa ya nje ya main huanza na sifuri tupu. "Marahaba" ina herufi 8 kama "shikamoo", ikaifunika yote. Bahati hiyo ndiyo iliyokuchelewesha.

recv inakurudishia idadi, na wewe unaitupa. Ishike:

`int n = recv(s, bafa, sizeof bafa - 1, 0);`
`if (n > 0) bafa[n] = '\0';`

Ile -1 ni kiti cha sifuri. Zikija baiti 1024 kamili, memset ya chapchap haikuokoi. n ikiwa 0, mwenzako amefunga. Ikiwa -1, ita perror ikuambie kosa.

mgeni_wa_C
Imekubali! Ila sasa seva inasalimia: send "karibu", halafu send "jina?". Klaienti inapata "karibujina?" kwa mkupuo mmoja. Mara nyingine yanakuja mbalimbali. Nimeharibu tena?

mama_baiti
Hapana, ndivyo TCP, itifaki inayobeba baiti za soketi zako, ilivyo. Ni bomba la maji: ukimwaga ndoo mbili, aliye upande wa pili hajui ya kwanza iliishia wapi. Baiti zitafika kwa mpangilio, lakini mipaka ya ujumbe ni kazi yako. Funga kila ujumbe kwa '\n', alama ya mstari mpya, na mpokeaji azilimbikize baiti kwenye kitanzi mpaka aione. Hata "karibu" lenyewe linaweza kuanza kuja "kar".

mgeni_wa_C
Kumbe! Na scanf yangu ndiyo ilikuwa inaiacha nyuma hiyo '\n'. Ngoja niandike kitanzi.

mama_baiti
Ukikwama bandika programu yenyewe, si picha ya skrini.