Mmea umejiotea kwenye tuta la mchicha, naomba mnisaidie kuutambua

Mama Kitalu
Habari zenu wapendwa. Kuna mmea umeota kwenye tuta langu la mchicha baada ya kuweka samadi, sikuupanda na niliowauliza hawaujui. Mwanzoni ulikuwa umelala chini, majani yametandaa duara juu ya udongo na yamechanikachanika kama ya karoti, nikajua ni karoti zilizobaki msimu uliopita nikaziacha. Sasa umesimama hadi kiunoni, juu umetoa vitawi vingi na maua madogo madogo meupe, ukiung'oa chini hakuna karoti wala nini, ni mzizi tu. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mchicha ulio jirani nao umedumaa wakati ule wa upande wa pili umestawi vizuri, halafu nilipong'oa mmoja kwa mikono mitupu iliniwasha mpaka kwenye viwiko. Ni mmea gani huu? Niuache au niutoe? Mtoto wangu anacheza hapo hapo ndo maana naulizia haraka.

Jembe Halilali
Dada hiyo mi naona pakanga, majani yake nayo yamekatikakatika hivyo hivyo na watu wanaipanda kwa ajili ya dawa. Pekecha jani unuse, ukisikia harufu kali inayopanda puani basi ndiyo.

Mzee wa Miche
Mama Kitalu usipekeche kitu kwanza, na tafadhali mtu asije akauchemsha huo akanywa kwa kuwa majani yanafanana na ya pakanga. Kama mikono imewasha kuna jambo. Pakanga maua yake ni ya njano njano, yanainamia chini, hayawi meupe ya kutazama juu. Bangi mwitu nayo ina majani ya kuchanika ila yanaota mawili mawili yakitazamana na harufu yake unaisikia hata kabla hujaigusa.

Vaa glavu uangalie shina kwa karibu: lina mistari iliyochimbika kwenda juu, au ni laini? Lina vinyweleo? Halafu chukua kichwa kimoja cha ua ukikague vizuri pembeni. Majani watu hudanganywa nayo sana, shina na ua ndo vinasema ukweli.

Mama Kitalu
Nimeangalia mzee wangu. Shina lina mifereji kabisa toka chini hadi juu, na vinyweleo vyeupe vifupi. Ua ni dogo mno, kama milimita 4 hivi, limekaa kama kitufe cheupe na pembeni lina vijipetali vitano vidogo vimeachana, mpaka uinamie ndo unaviona. Majani yanaota moja moja kwa kupishana, harufu ya kutisha haina.

Mzee wa Miche
Basi hilo ni gugu karoti, kitaalamu Parthenium hysterophorus. Hivyo vijipetali vitano ndo alama yake. Asili yake ni Amerika ya kitropiki na limeshasambaa Afrika, Asia na Australia, mbegu zinasafiri kwenye samadi, malisho, udongo, maji, hata kwenye matope ya matairi, kwa hiyo samadi yako naishuku sana. Lina kemikali zinazozuia mimea ya jirani kukua, nadhani mchicha wako unateseka kwa sababu hiyo. Kuwasha ndo tabia yake, na mtu anavyozidi kuligusa mara kwa mara aleji inaweza kuwa kali zaidi. Mwenye pumu asikae karibu nalo likiwa na maua. Mtoto mtoe hapo leo leo.

Dada Mboji
Naongezea kwenye kulitoa. Vaa glavu, mikono mirefu na barakoa, mwagilia udongo kwanza ulainike ili litoke na mzizi wake, maana ukilifyeka tu linachipua tena. Usilitupe kwenye mboji kama limeshatoa maua!! Mmea mmoja uliokomaa unaweza kutoa mbegu 15,000 hadi 25,000 na zikifukiwa ardhini zinaishi miaka. Liweke taratibu kwenye mfuko wa plastiki usilikung'ute, funga mfuko, uache juani mpaka lioze kabisa. Ukimaliza oga kwa sabuni na nguo ufue peke yake. Mikono ikivimba au ukihisi kifua kinabana nenda hospitali.

Jembe Halilali
Na kwa wenye ng'ombe au mbuzi, wakilila maziwa yanakuwa machungu, wakilila kwa wingi wanaumwa. Msiwatupie.

Mama Kitalu
Asanteni sana jamani. Mtoto nimeshamhamishia upande wa pili na kesho asubuhi nalitoa lote. Je hiyo samadi iliyobaki niitupe?

Dada Mboji
Usiitupe. Tandaza kidogo pembeni mbali na matuta, mwagilia uone kitakachoota. Yakitokea yale majani yaliyolala duara basi samadi yote ilundike upya ichemke vizuri, uwe unaigeuza ya nje iingie katikati ndo uitumie. Na hapo kwenye tuta ukishang'oa weka matandazo mazito, halafu pita pita kila mvua ikinyesha, ling'oe likiwa bado limelala chini maana ndani ya wiki chache tu linaanza kutoa maua.