Ng'ombe chotara wanahema mpaka usiku: ni jua au ni malisho?

Mchungaji_Muheza
Wakuu, habari za mifugo. Nina chotara sita wa Friziani (ng'ombe wa maziwa wa Ulaya), wanachungwa. Tangu vuli iishe nyasi zimebaki mabua matupu. Ikifika saa tano asubuhi wanasimama chini ya mwembe na hawali tena, na saa mbili usiku bado wanahema. Zebu (ng'ombe wa kienyeji wenye nundu) wa jirani, malisho yaleyale, wanakula kama kawaida. Maziwa yameshuka kutoka lita 9 hadi 6 kwa kila mmoja. Pumba nawapa kilo 4 kila mmoja saa mbili asubuhi, baada ya kukamua. Manyoya yao ni marefu na yamesimama. Nirekebishe wapi?

BwanaMifugo
Mkuu, anza na kipimajoto, saa kumi na moja alfajiri kabla hawajatoka bandani. Ng'ombe mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39.3. Aliyeelemewa na jua hushuka usiku. Ukikuta 40 alfajiri, papasa tezi chini ya sikio na mbele ya bega. Zikiwa zimevimba, shuku ndigana kali (ugonjwa unaoletwa na kupe) na umwite mtaalamu siku hiyohiyo. Wengi wanapoteza ng'ombe Januari kwa kudhani ni joto tu.

Kama joto la alfajiri ni zuri, tazama saa zako za kulisha. Tumbo la ng'ombe ni kama rundo la samadi mbichi: ukiingiza mkono ndani unakutana na moto, maana vijidudu vinavyovunja majani vinatoa joto. Joto hilo hupanda saa kadhaa baada ya kula. Ukimpa pumba saa mbili kisha akachunga hadi saa tano, moto wa tumboni unakutana na jua la saa nane. Nyasi kavu zinaongeza tatizo, kwa sababu joto linalotoka ni jingi kuliko nguvu anayopata.

Chunga saa kumi na mbili hadi saa nne, kisha rudi malishoni saa kumi jioni. Majani ya kukata yawekwe horini usiku. Pumba zigawanye: kilo moja na nusu alfajiri, mbili na nusu jioni. Usimpe zote kwa mkupuo. Anayehema anadondosha udenda, na udenda ndio unaozuia tumbo kuchachuka. Kinyesi kikiwa uji wenye mapovu, tumbo limeshachachuka. Changanya gramu 100 za soda ya kuokea (bicarbonate, si magadi) kwenye pumba za kila ng'ombe kila siku.

Kilifi_Maziwa
Hayo manyoya yaliyosimama yasikupite. Ulaya ng'ombe hupukutisha manyoya siku zinaporefuka. Huku kwetu pwani siku ndefu na siku fupi zinapishana kama nusu saa tu, kwa hiyo lishe ina uzito mkubwa. Mnyama aliyekonda au mwenye minyoo anaingia kiangazi na koti lake. Tazama pia rangi: mweusi akigeuka wekundu wa kutu, na kuzunguka macho pakapauka kama kavaa miwani, shuku upungufu wa shaba. Tumia jiwe la chumvi lenye madini ya ng'ombe, ila kondoo wasilirambe, shaba inawaua.

Zebu anatoka jasho vizuri, manyoya yake mafupi yanalala, na mwili wake unazalisha joto kidogo. Usimpime chotara kwa yeye.

Mchungaji_Muheza
Asanteni sana. Mabua ya mahindi ninayo mengi. Je, niyatie urea (ile mbolea)?

BwanaMifugo
Ndiyo. Nyasi zikishuka chini ya asilimia 7 ya protini, vijidudu vya tumboni vinakosa chakula na majani yanakaa tumboni muda mrefu, ndiyo maana wanaacha kula. Katakata mabua kilo 100, yeyusha urea kilo 4 katika lita 50 za maji, nyunyiza tabaka kwa tabaka huku ukikanyaga, kisha funika kwa nailoni isiyo na tundu kwa wiki tatu. Urea isipoyeyuka yote inatuama chini, na anayekula hapo anakufa kwa sumu. Nailoni ikivuja, ukungu unaingia. Toa kiasi cha kulisha kesho, kianike usiku harufu kali iishe. Anza na kidogo, ongeza kwa wiki moja. Ndama wa chini ya miezi sita wasipewe.

Kilifi_Maziwa
Na maji yakae kivulini mchana na usiku. Maji ya moto hawanywi ya kutosha. Ukiwamwagia maji, lowesha hadi ngozini kisha wasimame penye upepo. Kunyunyiza juujuu ndani ya banda lililofungwa kunawaongezea unyevunyevu tu. Hesabu pumzi ubavuni sekunde 15, zidisha kwa 4, saa nane mchana. Zikizidi 80 usisubiri jioni, wamwagie maji papo hapo. Akipanua mdomo na kutoa ulimi, hiyo ni dharura.

Mchungaji_Muheza
Kesho alfajiri napima wote sita, nitaleta namba hapa.