Kifyonza vumbi cha vigae na zulia: nichukue kipi?

Mama Nasra: Wapendwa, sebuleni nina vigae, chumbani zulia la manyoya marefu, na paka anapukutika kila kona. Nataka mashine ile ya kuburuta, yenye mpira mrefu. Muuzaji Kariakoo anang'ang'ania ya wati 2,400, eti ndiyo kiboko. Nimwamini?

Kombo fundi: Wati ni umeme inaokula, dada, si nguvu ya kuvuta. Umoja wa Ulaya tangu 2017 ulizuia zisifike hata wati 900, na mazulia yao yanatakata. Wewe kagua kichwa cha chini. Kiwe na kitufe cha kukanyaga: brashi zishuke kwenye vigae zisikwaruze, zipande ukifika kwenye zulia.

Bi Mwana: Kama ni ya mifuko, uliza kwanza mifuko inauzwa wapi. Yangu ni ya ndoo. Siku ya kumwaga ni chafya tupu, namwagia nje. Brashi ya kuzungushwa na mota usiipitishe kwenye manyoya marefu, inayasokota.

Mama Nasra: Ahsanteni. Na shemeji akinitumia kutoka Marekani?

Kombo fundi: Ya kule ni volti 120, huku 230. Ukiichomeka, utanusa moshi.