Kumfundisha Mlithuania "nobody", "nothing" na majina ya mboga

Mwalimu, Kisumu: Hamjambo walimu wenzangu. Ninamfundisha Kiingereza mgeni kutoka Lithuania, nasi hufanyia mazoezi soko la Kibuye, lakini kila akikosa karoti husema "I don't see nothing". Nimsaidieje?

Jibu, Nakuru: Mwalimu, kosa hilo linatokana na lugha yake, kwa kuwa Kilithuania hulazimisha kitenzi kikanushwe hata pale ambapo neno la kukanusha limekwisha kutajwa: "nieko nematau", yaani sioni kitu. Isitoshe, "niekas" hubeba maana ya "nobody" na ya "nothing" pia, kwa hiyo mtenganishie kwanza watu na vitu. Kiingereza sanifu hutosheka na kikanushi kimoja: "I see nothing", au "I don't see anything".

Jibu, Kakamega: Naongezea kuhusu mboga. "Morka" ni karoti, "svogūnas" ni kitunguu, na "pomidoras" ni nyanya, neno lisilofanana na "tomato" hata kidogo. Atunge sentensi kwa mboga hizo hizo, kama "Nobody sells onions here", bila kutia "doesn't".

Mwalimu, Kisumu: Asanteni sana. Kesho tutaanzia kwa muuza vitunguu.