"Elk" ni mnyama gani hasa? Wageni wamenitia aibu

Dereva wa Likoni
Waungwana, nisaidieni. Juzi nilibeba wageni wawili, Mswidi na Mkanada, twaenda Shimba Hills kutazama palahala. Tumeshuka feri, hata Ngombeni hatujafika, wakaanza kubishana. Mswidi asema "elk" wa kwao ni jitu lenye pembe pana kama beleshi. Mkanada asema huyo ni "moose", elk ni mwingine kabisa. Mie kimya na usukani wangu. Mara wakanigeukia: kwa Kiswahili mwamwitaje? Nikasema kulungu, yaishe. Kumhadithia mamangu jioni, akaangua kicheko: kulungu alikuwa akimlia kunde zake Matuga, na pembe za matawi hakuwa nazo! Je, niliwadanganya watu?

Ami wa Kibokoni
Wote wawili wamesema kweli. Yule wa pembe za beleshi, Ulaya Waingereza humwita elk, Marekani huitwa moose. Walowezi walipofika Marekani walikuta mnyama mwingine mkubwa, pembe za matawi, wakampachika yeye lile jina la elk. Wenyeji Washawnee walikuwa na lao, wapiti, yaani matako meupe. Mtazame kwa nyuma utaona hawakukosea.

Bi Mtwapa
Mwanangu, mamako ana haki. Kulungu wetu ni wa ukoo mmoja na ng'ombe na mbuzi, pembe zake ni zile zile mpaka afe. Hao wa Ulaya huziangusha kila mwaka zikaota nyingine. Kusini mwa Sahara hatuna wa asili hata mmoja, basi jina tungelitoa wapi? Siku hizi watu husema kulungu kwa wote, na mimi hunikera, lakini nishachoka kugombana. Kwenye Zaburi ya 42 wafasiri wa Biblia walimwita mnyama wa aina hiyo ayala.

Kijana wa Tudor
Ongeza na hili: pofu wetu Waingereza humwita "eland". Jina hilo walilipata kwa Waholanzi wa Afrika Kusini, na kwa Kiholanzi eland ni huyo huyo wa pembe za beleshi! Waliona mnyama mkubwa tu, wakampa jina la nyumbani.

Dereva wa Likoni
Kumbe nao hubahatisha kama mie! Mkanada keshaondoka, Mswidi nampeleka Tsavo kesho kutwa. Tukikutana na pofu, nitasimamisha gari nimwambie: elk wako huyo hapo.