Viza ya kumfuata mume Uingereza: nikah ya msikitini inatosha?

mama_binti_Arua
Asalam aleikum ndugu zangu, na wengine wote habari zenu. Naomba mwenye kuelewa haya mambo ya viza ya kwenda kukaa, siyo ya kutembea, anisaidie. Mume wangu yuko Leicester, alipata uraia wa kule 2019, tukafunga nikah (ndoa ya Kiislamu) hapa Arua, Uganda, 2021 na binti yetu akazaliwa 2022. Sasa tunataka mimi na mtoto tumfuate maana mtoto anamjua baba yake kwa simu tu na inaniuma sana. Nina cheti cha nikah chenye muhuri wa msikiti basi. Kuna broka hapa mjini anasema Wazungu hawakubali ndoa ya Kiislamu eti tufunge upya, na anataka milioni sita kwa sababu ana mtu wake ndani. Mume anafanya kazi ya stoo, wikendi anafanya usafi. Halafu jina langu kwenye kitambulisho cha taifa lina h na kwenye cheti cha ndoa halina. Na mimi nimesoma chuo kikuu cha Kiislamu IUIU pale Mbale, miaka yote kwa Kiingereza, mtihani wa Kiingereza bado wanautaka? Nianzie wapi jamani.

kijana_wa_Bombo
Waleikum salaam dada. Kwanza usimpe huyo mtu hata shilingi. Pale VFS Kampala, kampuni inayopokea maombi ya viza, wanachukua alama za vidole na picha tu, hawaamui chochote, faili linaamuliwa na maofisa wa uhamiaji wa Uingereza wenyewe, sasa huyo mtu wake yuko ndani ya wapi? Na hiyo ya ndoa ya Kiislamu kukataliwa ni uongo, wanachoangalia ni kama ndoa ni halali kwa sheria ya nchi ilikofungwa, na hapa Uganda nikah ni ndoa halali kabisa tangu zamani za mkoloni. Shida yako ni karatasi siyo nikah. Rudi kwa sheikh aliyewafungisha au ofisi ya Kadhi wa wilaya, uliza kama ndoa yenu ilipelekwa kusajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Wengi haikupelekwa, imebaki kwenye kitabu cha msikiti. Kama haikupelekwa ipelekeni sasa, URSB wana ofisi hapo hapo Arua, huna haja ya kupanda basi mpaka Kampala. Ukitoka pale na cheti chao hakuna wa kukuuliza tena kama umeolewa.

leicester_256
Shemeji mimi niko huku huku, nilimleta mke wangu kwa njia hiyo hiyo. Ndoa ni sehemu rahisi, panapoangusha watu ni mshahara wa mume. Tangu Aprili 2024 anatakiwa awe anaingiza pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kodi, zamani ilikuwa 18,600 kwa hiyo ukisikia mtu anakutajia hiyo ujue habari zake ni za zamani. Kazi mbili zinajumlishwa hakuna tatizo, lakini njia nyepesi ni awe amezifanya zote mbili miezi 6 au zaidi kwa tajiri (mwajiri) yule yule. Mwambie atoe peyislipi za miezi 6, stetimenti za benki za miezi hiyo hiyo, na barua ya kila tajiri, na kila peyislipi ionekane imeingia benki kwa kiasi kile kile. Hiyo ya usafi kama analipwa keshi mkononi bila kupitia benki inaweza kuleta shida, aiweke sawa kwanza ndo muapplai. Na kazi yako wewe ya Uganda hata kama unalipwa vizuri hawaihesabu.

Pesa ya kulipa jipangeni mapema, ada ya maombi ni kama pauni 2,000 na juu yake kuna ya hospitali, yaani ya matibabu ya serikali ya huku, 1,035 kwa mwaka, kwa viza yako ya miezi 33 wanakata miaka mitatu kamili yaani 3,105. Wakikataa ile ya hospitali inarudi, ya maombi hairudi. Ndiyo maana nasema msiharakishe, mwezi mmoja wa kusubiri mshahara utimie ni afadhali kuliko kutupa pesa yote hiyo.

mama_binti_Arua
Allah awabariki, nimelia kidogo. Ya usafi anapitishiwa benki, ila aliianza juzi juzi, miezi 6 haijafika. Na ada ya mtoto je, ni hivyo hivyo? Maana hapo tutashindwa kabisa.

dada_Jinja
Pole mama, tulia usome hii vizuri. Mtoto wako HAHITAJI VIZA. Baba alipata uraia kwa kuomba 2019, mtoto kazaliwa 2022 ndani ya ndoa, basi alizaliwa akiwa raia wa Uingereza tayari. Mnachomwombea ni pasipoti ya kwao, siyo viza, na hiyo pesa ya hospitali hahusiki nayo. Utahitaji cheti chake cha kuzaliwa cha NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili wa watu), siyo ile kadi ya hospitali, cheti cha ndoa, na cheti cha uraia cha baba. Naona huyo broka alishawapigia hesabu ya watu wawili, inanikera sana watu wanavyokamua familia zilizotengana.

Kuhusu Kiingereza, Uganda haimo kwenye orodha ya nchi wanazozisamehe, hata kama tunakitumia ofisini na shuleni. Lakini digrii yako inaweza kukuokoa, unaiombea uthibitisho kwa Ecctis, shirika la Uingereza linalopima vyeti vya nje, kwamba ina kiwango cha kwao na ilifundishwa kwa Kiingereza. Ukiona inachelewa fanya mtihani wa A1 (ngazi ya chini kabisa), ni kuongea na kusikiliza tu, kwako ni mwepesi, ila uhakikishe mtihani wenyewe na senta viko kwenye orodha yao, vyeti vya senta nyingine hawavitaki.

Na kuna kipimo cha TB (kifua kikuu) pale kliniki ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, Kampala, cheti chake kinaishi miezi 6, kwa hiyo usikimbilie kukichukua kabla mume hajakamilisha mshahara. Lakini pia usikiache mwisho kabisa, eksirei isipoeleweka wanataka makohozi na majibu yanaweza kwenda hadi miezi miwili.

kijana_wa_Bombo
Na hiyo h dada, kabla hujapeleka ndoa URSB amua jina moja, lile la kwenye pasipoti. Pasipoti inasemaje?

mama_binti_Arua
Pasipoti ina h, sawa na kitambulisho.

kijana_wa_Bombo
Basi umepona. Mwombe sheikh arekebishe kwenye kitabu chake na cheti kabla hakijaenda kusajiliwa, na uangalie cha mtoto pia kama jina lako wewe mama limeandikwa na h.

leicester_256
Wakati mnasubiri hiyo miezi ya usafi kusanyeni ushahidi wa mapenzi yenu, risiti za pesa alizokutumia, mihuri ya uwanja wa ndege wa Entebbe kwenye pasipoti yake kila alipokuja, picha za nikah mkiwa na wazazi. Meseji za WhatsApp weka chache za miaka tofauti, usiprinti zote. Mwambie mume akitaka anitafute inbox, namjua mtu wa kumwangalizia hizo peyislipi bure.