Jumla ya wadaiwa inalingana na leja kuu, ila wateja wawili wanasema walishalipa. Nianzie wapi?

leja_na_kalamu
Habari zenu wakuu. Ni duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Mwanza. Wateja wa mkopo 62, wanadaiwa jumla Sh 148,600,000, na ndani yake Sh 41,000,000 imepita siku 90. Keshia ni mmoja: anapokea hela, anaandika risiti, anaingiza kwenye programu, na benki anapeleka yeye. Tulipotuma taarifa za madeni, wateja wawili wamekuja juu kwamba walilipa zamani. Kinachonichanganya ni kwamba kila mwezi leja ya wadaiwa inakubaliana na akaunti ya udhibiti (ile yenye jumla ya madeni yote kwenye leja kuu), na usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki, hauna tofauti. Mkurugenzi anataka akiba ya madeni mabaya (kiasi tunachokadiria hakitalipwa) kabla ya kufunga mwaka. Nianze na lipi, na nitakaguaje bila kumshtua mtu ambaye pengine hana kosa?

risiti_ya_bluu
Mkuu, kulingana huko kusikufariji. Usuluhishi wa benki unakuambia kilichoandikwa kimefika benki. Hauwezi kukuambia kilichopokelewa kikaishia mfukoni.

Dalili zako zinafanana na mchezo wa kuziba tundu la mteja huyu kwa hela ya yule. Mteja A analeta keshi 1,200,000, haiandikwi popote. Siku tatu baadaye B analipa 1,500,000 kwa benki. Keshia anaingiza 1,200,000 kwa A na 300,000 kwa B. Wiki inayofuata C analipa 2,000,000: 1,200,000 zinakwenda kwa B, 800,000 zinabaki kwa C. A na B sasa wako safi, tundu liko kwa C, na bado ni 1,200,000 ileile. Jumla zote zinakubaliana kwa sababu kila shilingi iliyoandikwa ipo benki kweli.

Ushahidi uko hapo kwa B: taarifa ya benki ina muamala mmoja wa 1,500,000 wenye jina lake, leja ina vipande viwili kwa watu wawili. Kwa hiyo usilinganishe jumla za siku. Linganisha muamala kwa muamala. Chukua miezi mitatu, uandike kwa kila malipo: tarehe ya risiti, tarehe ya kuingizwa kwenye programu (ile ya kumbukumbu za mfumo, kwa sababu tarehe ya muamala mtu anaiandika atakavyo), tarehe ya kufika benki, jina la mlipaji upande wa benki na jina kwenye leja. Pengo la siku tatu nne linalojirudia, au majina yasiyofanana, weka alama.

Taarifa ya benki na ya Lipa namba ipakue mwenyewe au iletwe kwako moja kwa moja. Iliyopitia mikononi mwa keshia haifai kwa kazi hii.

Halafu vitabu vya risiti. Waombe wale wawili picha ya risiti halisi, uilinganishe na nakala ya kaboni kwenye kitabu: namba, tarehe, kiasi. Kama risiti ya mteja inasoma 1,200,000 na kaboni inasoma 200,000, karatasi ya chini iliandikwa peke yake. Kama namba haimo kabisa kwenye vitabu vyenu, kuna kitabu cha pili. Risiti zilizofutwa lazima ziwe na nakala zote kitabuni. Halisi ikikosekana, ihesabu kama hela iliyopokelewa mpaka ithibitike vinginevyo.

hesabu_kavu
Naongeza kwa mwenzangu: mpangilio ni muhimu kuliko mbinu. Ukianza kuwapigia wateja simu, habari zinamfikia keshia kabla ya saa sita na kitabu kinapotea. Fungia kwanza vitabu vya risiti na nakala ya data ya programu. Siku hiyohiyo hesabu droo kwa kushtukiza, keshia akiwepo mwanzo hadi mwisho, asaini karatasi ya hesabu. Hesabu keshi, vocha za fedha ndogondogo na salio la Lipa namba kwa dakika zilezile, la sivyo hela inahama toka kwenye kimoja kuziba kingine. Huhitaji kumtuhumu. Mwambie ni hesabu ya ghafla na itakuwa inarudiwa.

Ndipo barua za uthibitisho wa deni. Taja kiasi, mteja aseme anakubali au anakataa na aandike orodha ya malipo yake. Barua zitumwe na mtu asiyegusa hela, majibu yarudi kwake. Hata ISA 505, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi kuhusu uthibitisho kutoka nje, inamtaka mkaguzi wa nje ashike mchakato huo mwenyewe. Jibu la WhatsApp likubali endapo namba ya simu umeipata kwenye mkataba au oda ya mteja. Orodha ya simu ya keshia achana nayo.

Kosa la kawaida ni kuchagua madeni makubwa tu. Weka pia wenye salio sifuri, waliofutiwa deni na waliopewa krediti noti (hati ya kumpunguzia mteja deni), maana mchezo huu humalizwa hivyo: mtu akichoka kuzungusha, anaandika krediti noti ya "bidhaa zilizorudishwa" na tundu linatoweka. Kila krediti noti iwe na hati ya stoo ya kupokea mzigo. Mteja asipojibu, tumia hati ya kupokelea mzigo yenye saini yake na malipo yaliyoingia baada ya tarehe ya hesabu.

leja_na_kalamu
Asanteni. Nimeanza na benki na tayari nina malipo manne yaliyogawanywa kwa wateja wawili wawili. Akiba je? Nipige asilimia kwenye ile 41,000,000?

hesabu_kavu
Usikokotoe bado. Deni ambalo mteja alilipa na hela ikaibwa halimhusu tena mteja, na si deni bovu. Litoe kwenye orodha ya wadaiwa ulipeleke kwenye akaunti ya madai dhidi ya mfanyakazi, nayo utaipima kivyake kama italipika. Na umri wa madeni (siku ambazo kila ankara imekaa bila kulipwa) ulio nao umeharibika: vipande vilivyoingizwa kwa mtu siye vinalipa ankara isiyo yake. Rekebisha kwanza, chapa orodha upya.

Baada ya hapo, kama mnatumia IFRS 9 (kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mali na madeni ya kifedha), jedwali la viwango, yaani asilimia ya hasara kwa kila kundi la umri wa deni, linatosha. Kwa namba zako za sasa, ili uone hesabu tu: siku 0–30, 62,000,000 kwa 1% ni 620,000, 31–60, 28,600,000 kwa 4% ni 1,144,000, 61–90, 17,000,000 kwa 10% ni 1,700,000, zaidi ya 90, 41,000,000 kwa 40% ni 16,400,000. Jumla 19,864,000. Asilimia hizi usizinakili. Zako zitoke kwenye mauzo yenu ya mkopo ya miaka iliyopita na kiasi ambacho hakikulipwa kweli. Kwenye hesabu za kodi, akiba ya jumla namna hii unairudisha kwenye faida.

risiti_ya_bluu
Na wateja walioleta yale malipo manne, angalia kama malipo yao ya pili nayo yaligawanywa. Fuata mnyororo mpaka ufike kwa mteja ambaye tundu liko kwake leo, ndiye wa kwanza kutumiwa barua.